Reli ya Saidati

Saidati Mukashyaka hakuwa mtu wa kugusa kitu cha mwenzake, na ndiyo maana hadi leo nikikumbuka alivyofanyiwa, damu inanichemka. Mimi ni mwanamke mwenzake, naitwa Laurence. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa matete tu, katika mtaa wa Waswahili wa Gisenyi, na haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu.

Alirudi kwetu mwaka wa hamsini na mbili akitoka Kigoma. Alikuwa mjane. Mumewe Bizimana alikuwa mtoto wa hapa hapa aliyekwenda Tanganyika kutafuta kazi akaipata stesheni: kugeuza reli, ili treni inayoingia ishike njia yake na isiigonge iliyosimama. Waliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, karibu na reli kiasi kwamba vikombe vilicheza kabatini kila treni ikipita. Saidati alikuwa akishona nguo barazani, na Bizimana akirudi jioni alimsimulia kazi yake yote, kona hii, mteremko ule, behewa lililoacha njia. Wanawake wengine wangepiga miayo. Saidati aliuliza maswali. Kisha homa ikamchukua Bizimana ghafla, na nyumba ya kazi ikatakiwa kwa mtu mwingine, na yeye akafunga mizigo yake.

Alikuja na cherehani mbili. Moja alishonea. Ya pili ilikuwa ya zamani, kichwa chake kimekufa, lakini meza yake ya chuma na gurudumu la chini na kanyagio vilikuwa vizima, na hakutaka kuviacha kwa sababu Bizimana ndiye aliyemnunulia walipooana. Alijenga chumba na sebule kwa jasho la sindano yake. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha vitabuni. Sisi tulikicheka kidogo, na yeye alikicheka chetu zaidi.

Sasa, reli iliingiaje?

Tangu siku za Mdachi watu wa Gisenyi wameambiwa kwamba reli inakuja. Baba yangu aliambiwa. Mama mkwe wangu kule Kanama aling'olewa maharage yake ili vigingi vipigwe, vigingi vikaoza, reli haikuja, na hakuna aliyerudi kumwambia hata pole. Mwaka wa hamsini na tatu wakaja tena watu wenye vyombo vya kupimia, wakatembea njia ya Rubona wakiangusha nyua za watu. Saidati alikuwa anatoka kupeleka nguo. Akamwendea msimamizi wao, mtu mweusi kama sisi, mwenye kofia, akamwuliza kwa adabu, reli itapita upande gani wa kilima?

Yule mtu akamtazama kuanzia miguuni. "Hiyo si kazi ya mwanamuke kujua. Rudi kwa jiko."

Aliingia kwangu siku hiyo bila kupiga hodi, nguo za wateja bado mikononi. Sijawahi kumwona hivyo hata alipozungumzia kifo cha mume wake. "Laurence," akaniambia, "nimelala kando ya reli miaka yangu yote ya ndoa. Najua treni inapanda mlima namna gani. Huyu hajui hata anachokipima, na ananiambia nirudi jikoni! Basi. Wakitaka wajenge, wasitake wasijenge. Mimi nitaijenga ya kwangu, ndani ya nyumba yangu, nione nani atanifukuza."

Nilidhani ni hasira tu. Jumatatu yake alitandika sakafu ya sebule kwa samadi laini ikawa sawasawa, akachukua chaki yake ya kuchorea nguo, akapiga magoti na kuanza kuchora. Alichora mji kama anavyochora gauni kabla ya kulikata. Mpaka wa Goma ulikuwa penye mlango. Pwani ya ziwa ilifuata ukuta wa dirisha. Rubona na bandari yake vikawa kwenye kona, kisha njia ikageuka kupanda kwenda Kanama, na hapo chaki ikasimama. Alikaa siku nyingi juu ya kilima hicho. Treni haipandi kama mbuzi, alisema. Ukiisimamisha wima inateleza. Alifuta, akachora, akafuta. Hatimaye akaizungushia reli kilima mara mbili kama mkanda kiunoni, ikapanda polepole bila kujua kwamba inapanda. Alipolimaliza hilo alicheka peke yake, nikamsikia kutoka ng'ambo ya ua.

Vifaa tulimletea sisi. Mwanzoni kwa mzaha, baadaye kwa bidii. Reli zenyewe zilikuwa vyuma vyembamba vya kufungia masanduku ya madukani, alivyovisimamisha kwenye vipande vya mbao. Magurudumu yalikuwa vile vigogo vya mti vinavyobaki uzi wa kushonea ukiisha: ukikata kimoja katikati unapata magurudumu mawili, kila moja na mdomo wake wa kushika reli. Mafundi nguo wote wa mtaa walimwekea vyao. Mabehewa yalikuwa makopo ya samaki wa kizungu. Nyirasafari, mchuuzi wa samaki wa Rubona, ambaye aliona aibu kuonekana na samaki wa kopo, alimletea kopo mbili usiku akizificha ndani ya kitenge. Mimi nilitoa bati la biskuti nililoletewa na padri siku ya ubatizo wa mtoto wangu, likawa paa la stesheni. Vilima vilikuwa karatasi na uji wa muhogo, vikapakwa maji ya kahawa. Ziwa lilikuwa bitana ya bluu iliyobaki kwenye koti la mtu, akainyoosha kwa pasi mpaka ikang'aa.

Na ilikwenda kwa nini? Kwa ile cherehani iliyokufa! Aliweka meza yake katikati ya sebule, mbao zote zilizobeba reli zikimzunguka juu ya masanduku, yeye ndani kama mtu aliye kisimani. Badala ya mkanda wa ngozi, lile gurudumu la chini lilivuta kamba ndefu ya nyavu, iliyopita chini ya mbao zote, ikizunguka kwenye vigogo vya uzi mpaka kurudi pale ilipoanzia. Katikati ya reli aliacha ufa mwembamba, na kichwa cha treni kilikuwa na kindoano kilichoshuka ufani kikashika fundo la kamba. Akikanyaga, treni inaondoka. Akipunguza mguu, inapunguza mwendo. Kila stesheni ilikuwa na uzi wake wa kuvuta, kindoano kikainuka, treni ikasimama huku kamba ikiendelea kupita. Tawi la bandarini halikuhitaji kamba: alilitengenezea mteremko, akaachia mabehewa yakashuka yenyewe hadi majini, taratibu, bila kutumbukia.

Siku ya kwanza treni ilianguka kona ya Rubona. Na ya pili. Nilimwambia aache. Akasema Bizimana aliwahi kumwambia kwamba kwenye kona reli ya nje huinuliwa kidogo, akaweka vipande vya kadibodi chini yake, na treni ikapita ikiegemea ndani kama mtu anayemsikiliza mwenzake. Aliacha kukanyaga. Akajifuta macho kwa kanga, kisha akaniambia nisisimame pale kama mlingoti, nimpe maji.

Basi Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikuwa tunakwenda kwa Saidati. Wanawake wa Kiislamu, wanawake wa misa, wauza samaki, na waume wengine waliojifanya wamekuja kuchukua suruali. Saidati alimwuliza kila mtu anasafirisha nini. Nyirasafari alisafirisha samaki wabichi kwenda Kanama, na Kanama ilileta viazi na maharage. Treni ziliondoka kwa saa, na aliyechelewa aliachwa, hata akilalamika. Mtu mmoja akauliza daraja la tatu liko wapi, maana alikuwa amesafiri kwa treni na anajua.

"Halipo," Saidati akasema.

"Na daraja la kwanza?"

"Nalo halipo. Kigoma nimeinuliwa kwenye benchi mara nyingi, hata nikiwa na mimba, ile iliyoharibika baadaye, ili akae mtu mwenye viatu. Kwenye reli yangu kuna behewa. Unapanda, unakaa."

Ndipo nilipojua kwamba alikuwa amewahi kuwa na mimba.

Mtu mmoja tu hakuipenda reli ile. Ndayisaba, mdogo wake Bizimana, alikuwa dereva wa mzungu aitwaye Verhelst, msimamizi wa ghala moja la pareto. Ndayisaba alivaa kofia ya kazi hata siku ya mapumziko. Alikuja Jumamosi moja, akasimama mlangoni, juu ya mpaka wa Goma, na hakuvua kofia.

"Shemeji," akasema, "unatupatisha haya. Batu yote iko nasema mujane wa kaka yangu anacheza sawa mutoto. Bon, kama unataka kucheza, tafuta bwana, uzae, ucheze na batoto."

Saidati hakuacha kukanyaga. "Shemeji, wewe unaendesha gari la mtu. Mimi naendesha langu. Toka hapo, unaziba njia."

Wanawake waliangua kicheko. Ndayisaba aliondoka, na nadhani kicheko kile hakikumtoka masikioni.

Mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa Julai, Mukarugwiza, dada yake Saidati aliyeolewa Kanama, alijifungua kwa shida, na Saidati akaenda kumwuguza. Ufunguo aliuacha kwangu. Siku ya soko mimi nilikwenda sokoni, na ufunguo nilikwenda nao mfukoni, umefungwa kwenye leso. Niliporudi mlango wa Saidati ulikuwa wazi. Kufuli lilikuwa limevunjwa kwa chuma. Ndani hakukuwa na kitu. Cherehani nzima ya kushonea waliiacha ukutani. Lakini mbao, reli, ziwa, kilima cha Kanama na meza ya cherehani ya Bizimana vilikuwa vimekwenda, na sakafuni kulikuwa na unga wa mbao. Mbao zile hazikupita mlangoni, basi walizikata kwa msumeno. Kazi ya miaka mitatu waliikata kwa msumeno kama kuni!

Majirani waliobaki nyumbani waliniambia. Ndayisaba alikuwa amekuja na lori la bosi wake na wapakuzi wawili. Walipomwuliza, alisema ni vitu vya kaka yake na yeye ni mrithi. Nani angebishana na lori la mzungu?

Saidati alirudi siku ya tatu juu ya gari la viazi. Nilikuwa nimejitayarisha kumshika asianguke. Hakuanguka. Alisimama katikati ya sebule tupu, akainama, akachukua unga wa mbao kidogo vidoleni, akaunusa.

"Huu ni wa Rubona," akasema. "Pale nilitumia mbao za mvule."

Kisha akafunga kanga yake vizuri akatoka, nami nikamfuata mbio.

Tulimkuta Ndayisaba akiosha gari nyuma ya ghala.

"Reli yangu iko wapi?"

"Iko ku pahali muzuri, shemeji. Iko kwa Bwana. Mutoto wake alikuwa na fete ya kuzaliwa, na mi sikuwa na kitu ya kumupatia. Donc nilimupatia ile. Bwana alifurahi sana! Unapaswa kunishukuru, ile vitu yako ilikuwa napata vumbi tu."

"Ulimpa," Saidati akasema polepole. "Ulikuwa nacho cha kumpa?"

"Kila kitu ya kaka yangu ni ya familia. Na mi ndiye mukubwa ya familia sasa."

"Kaka yako alinunua meza ya cherehani. Akanipa mimi mkononi, mbele ya watu, siku ya harusi. Hayo mengine alikuwa amelala kaburini wakati nayatengeneza. Alikupa ndotoni?"

Ndayisaba akarudi kwenye gari lake na kitambaa chake. Akawa anapangusa mahali ambapo palikuwa pamekwisha kung'aa.

Hilo halikuwa baya zaidi. Habari mbaya zaidi aliileta Nyirasafari, ambaye alipeleka samaki jikoni kwa Verhelst. Alikuja kwa Saidati akiwa bado na beseni kichwani, akaanza kusema kabla hajalitua.

"Saidati, mama yangu, kaa kwanza. Nimeona ile kitu yako kwa baraza yao. Bageni bazungu balikuwa pale, banakunywa, banaangalia. Na Bwana anabaambia, ni dereva wangu alitengeneza hii! Na Ndayisaba anasimama pale, anacheka, anainama, anasema wi, wi, Bwana. Banamupigia makofi!"

Nilimwona Saidati akibadilika rangi. Kuibiwa alikuwa amekuvumilia kwa namna yake, lakini hili halikuvumilika. Mtu aliyemwambia aache mchezo wa watoto alikuwa anapigiwa makofi kwa mchezo ule ule!

Alikwenda kwenye nyumba ile ya ziwani mchana, kupitia lango la mbele, si la jikoni. Nilikuwa naye. Verhelst alitokea barazani na gazeti mkononi. Nyuma yake, chini ya kiti, niliona kilima cha Kanama kimelala ubavu.

"We mwanamuke, unataka nini?"

"Nataka vitu vyangu, Bwana. Reli hiyo ni yangu. Nimeitengeneza mimi kwa mikono hii. Dereva wako alivunja mlango wangu."

Verhelst alimtazama, akanitazama mimi, akacheka bila ubaya, na kicheko kisicho na ubaya ndicho kilichoniudhi zaidi. "Wewe? Wewe ulitengeneza ile?" Akamgeukia mke wake aliyekuwa ndani, akamwambia jambo kwa Kifaransa, na yule mama naye akacheka. "Sikia. Mi sikuiba. Nilipewa. Maneno ya familia yenu, mumalize kwenu. Sasa ni kitu ya mutoto. Kwenda."

"Bwana, ukipewa mbuzi na mtu, na mwenye mbuzi akaja, utamwambia kwenda?"

"Kwenda, nimesema."

Tukatoka. Tulitembea mbio mpaka mtaani, Saidati mbele. Hapo akasema, "Amesema tumalize kwetu. Vema. Tutamaliza kwetu."

Akamshitaki Ndayisaba kwenye tribinali, mahakama ya wenyeji. Waliketi mazuzi watatu, ndio mahakimu, mkubwa wao akiwa mzee Harerimana, mtu mwenye sauti ndogo na macho ya usingizi. Shauri liliposomwa kwamba mjane anadai reli, ukumbi mzima ulicheka, na mmoja wa mazuzi akauliza kama anadai pia na stesheni. Saidati alisimama akangoja. Wakacheka mpaka wakachoka, naye bado amesimama, wala hakuinamisha kichwa.

Ndayisaba alisema kwa kiburi. Kwanza, meza ya cherehani ni mali ya marehemu. Pili, hayo mengine ni takataka, makopo na karatasi, na hakuna sheria ya takataka. Tatu, mwanamke hawezi kutengeneza kitu kama kile. Bila shaka ni kaka yake aliyekileta kutoka Kigoma, kimekwisha tengenezwa.

Kusikia hivyo niliinuka kabla sijaitwa. Askari alitaka kunikalisha. Harerimana akamwashiria aniache.

"Mzee," nikasema, "paa la ile stesheni ni bati langu la biskuti. Ukiligeuza utaona picha ya malkia na farasi. Nilipewa hapa Gisenyi, siku ya ubatizo wa mwanangu. Lilitoka Kigoma kwa miguu?"

Nyirasafari akainuka, akasahau aibu yake yote. "Na zile kopo mbili za mbele ni zangu. Mi nilikula hizo samaki! Ndiyo, nilikula!" Ukumbi ukacheka tena, lakini safari hii haukumcheka Saidati. Akafuata fundi nguo wa karibu na msikiti na vigogo vyake vya uzi. Akafuata mwenye duka aliyetoa vyuma vya masanduku, akafuata mvuvi aliyesuka ile kamba. Kila mtu alikuwa na kipande chake ndani ya reli ile. Nilimtazama Ndayisaba. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia, na Harerimana akamwambia aivue, yuko mbele ya tribinali.

Hukumu ilikuwa hii: vitu ni vya Saidati, vyote, na meza ya cherehani pia kwa kuwa alipewa mbele ya watu. Ndayisaba alikosea kwa kuvunja nyumba ya mjane na kwa kusema uongo. Alilazwa ndani siku chache na kuamriwa avirudishe vitu. Lakini Harerimana aliongeza kwa ile sauti yake ndogo, "Mama Saidati, sisi hatuna nguvu ya kumwita mzungu hapa. Unajua hivyo. Kama Bwana Verhelst atakataa, tribinali hii haina la kumfanya."

"Najua, mzee," Saidati akajibu. "Nilitaka isemwe tu, mbele ya watu, kwamba ni yangu."

Lakini mimi sikuridhika, na sijaridhika mpaka leo. Tribinali yenye nguvu kwa mwizi na isiyo na nguvu kwa mwenye kushika kilichoibwa, hiyo ni tribinali gani?

Ndayisaba alipotoka ndani hakuthubutu kwenda kumwomba bosi wake. Alikwepa, akasingizia safari, akajificha. Miezi ikapita. Kisha mvua za masika zilipoanza, Nyirasafari akaleta habari nyingine. Mtoto wa Verhelst alikuwa ameichoka reli ndani ya wiki mbili, kwa kuwa hakuna aliyemwambia inavyofanya kazi na kamba ilikuwa imekatwa. Ilitolewa barazani ikatupwa nyuma ya gereji, na mvua ilikuwa inainyeshea. Walikuwa wameanza kuwashia moto mbao zake.

Saidati aliweka sindano chini. Alipita nyumba kwa nyumba. Hakueleza mengi, alisema tu, "Njooni na kanga za kubebea." Tukatoka wanawake wengi, wa msikiti na wa misa, mchana kweupe, tukashika barabara ya pwani chini ya mitende ya wazungu, mbele ya hoteli, mahali ambapo sisi tulizoea kupita kandokando. Askari akatuuliza tunakwenda wapi. Saidati akamwambia, "Kuchukua vitu vilivyohukumiwa kuwa vyangu. Twende nawe ukipenda." Hakupenda.

Bwana hakuwapo. Yule mama alitoka, akaona wanawake wamejaa uani, akashika shingo yake. Saidati hakupiga kelele. Akanyoosha mkono kuelekea gereji, akasema, "Madamu, vile ni vyangu."

Yule mama akatazama zile mbao zilizovimba kwa maji. Nadhani hata hakukumbuka ni vitu gani. "Ile? Ile uchafu? Chukua, chukua yote. Mulikuja bengi hivi kwa ajili ya ile?"

Ningependa kusema kwamba Saidati alimjibu jibu la kumkata. Alikuwa amekwisha mpa kisogo. Alikwenda nyuma ya gereji, na alipoona alipiga magoti kwenye matope. Goma ilikuwa imechomwa. Ziwa lilikuwa limegeuka kitambaa cha kupangusia mafuta ya gari. Kilima cha Kanama kilikuwa kimerudi kuwa uji. Paa langu lilikuwapo, limepata kutu, na farasi wa malkia hana kichwa. Meza ya cherehani ilikuwa nzima, maana chuma hakiungui. Tuligawana kila kilichobaki, vipande kwa vipande, tukaviweka vichwani, na meza ikabebwa na wanne. Tulirudi kwa barabara ile ile ya pwani, mstari mrefu, na wazungu walisimama kwenye kahawa zao kututazama. Hakuna aliyeimba. Tulikuwa tumekasirika mno.

Alianza upya. Wengi tulidhani hataweza, na mwenyewe alisema mara ya pili ni chungu, kwa sababu mara ya kwanza hukujua ugumu wake na sasa unaujua. Safari hii hakuchora sebuleni peke yake. Alitoboa ukuta, reli ikaingia chumbani mwake, ikapita juu ya kitanda kwenye daraja, ikatokea upande wa pili. Kilima alikisuka kwa matete ndani, kisije kikafa kwa maji. Mbao alizifunga kwa bawaba ili zikunjike, maana alisema hatakubali tena kukatwa na msumeno wa mtu. Mwaka wa hamsini na nane, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, treni ilizunguka yote bila kuanguka, na Jumamosi zetu zikarudi.

Siku ya Idd mwaka ule Ndayisaba alikuja. Alikuwa amepoteza kazi. Verhelst alikuwa amehamishwa akaondoka bila kumpa hata neno. Hakuvaa kofia. Saidati alimwekea mkeka barazani, akampa chai na mkate wa sinia, kama dini inavyotaka, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikichambua mchele wake. Ndayisaba akaomba msamaha, kwa maneno mengi na marefu. Saidati alisikiliza yote.

"Nimesikia, shemeji," akasema. "Kunywa chai."

Akanywa. Ndani, mmoja wa wanawake alikuwa anajaribu kanyagio, na tukasikia magurudumu ya mti yakizunguka taratibu upande wa chumbani.

"Shemeji," Ndayisaba akasema, "nakuomba, niingie kidogo tu niione."

"Ulikwisha iona," Saidati akamwambia. "Uliibeba."

Akammiminia chai nyingine, akamsogezea sukari, na wala hakuinuka kufungua mlango. Watu wengine wa mtaa walisema baadaye kwamba alikuwa na moyo mgumu, kwamba siku ya Idd mtu husamehe yote. Mimi nawauliza wao walikuwa wapi siku ya msumeno. Ndayisaba alimaliza chai yake, akaaga, akashika njia. Saidati akakusanya vikombe, akaniambia mchele ule bado una mawe, nichambue tena.